Nani alianza kuchunguza jua, na zile obsevatuari (vituo vya kuchunguzia) za jua zilianzia wapi?

Mwana_Birere: Jambo bandugu. Sisi hapa Goma obsevatuari tunayoijua ni ile ya volkano, sasa leo mwalimu wa jiografia anatuambia ziko zingine kazi yao ni jua tu, tangu zamani. Nikauliza walikuwa wanaangalia namna gani bila kupofuka, kengele ikalia tukatoka. Mwenye anajua anisaidie, tafazali.

Yaya_Himbi: Mdogo wangu, kwanza usiliangalie jua kwa macho, hata siku moshi ya Nyiragongo inalifunika na unaliona jekundu. Harriot, mtaalamu wa nyota kule Uingereza, 1610, alikuwa analichungulia jua kupitia ukungu, ni hatari sana ile. Njia nzuri ni kuangusha mwanga. Ukiwa mu nyumba ya mbao unaona tundu ya msumari inaangusha kaduara ka mwanga chini, si ndiyo? Ile kaduara ni picha ya jua lenyewe! Johannes Fabricius na baba yake, Ujerumani, 1611, walifanya vile mu chumba ya giza, wakaona madoa (alama nyeusi juu ya jua) yanasogea siku kwa siku, kijana akaandika kwamba jua linajizungusha.

Kadutu_Bkv: Sisi tulifunzwa ni Galileo.

Yaya_Himbi: Galileo naye aliyaona, lakini kijitabu cha Fabricius kilitangulia. Galileo alibishana na padri Scheiner, padri akisema ni vitu vidogo vinapita mbele ya jua, Galileo akasema hapana, ni madoa ya jua lenyewe, na alikuwa na haki.

Fundi_Majengo: Mi mwenye ninamupenda ni Schwabe wa Dessau, muuza dawa tu, alikuwa anatafuta sayari karibu na jua, kuanzia 1826 akahesabu madoa kila siku anga ikiwa safi, miaka 17! Sayari hakuipata, akagundua madoa yanaongezeka na kupungua kwa miaka kama 10 (leo tunasema 11). Ile uvumilivu inanigusa sana.
Na juu ya obsevatuari: umeona saa sita mawe ya lava yakipata moto hewa inavyochezacheza juu yake? Ile ndiyo inaharibu picha ya jua. Ndiyo maana Hale, mtaalamu wa nyota, ku mlima Mount Wilson, Marekani, alisimamisha mnara wa mita 18, vioo viko juu kabisa, mwanga unashuka wima mpaka chini ya udongo. 1908, mwaka huo huo, akaona mistari ya mwanga wa madoa (ile inaonekana mwanga ukigawanywa mu rangi zake) imepasuka, alama ya sumaku. Madoa ni fasi yenye sumaku kali!

Mwana_Birere: Aksanti sana. Kwetu ni mbao, kuna tundu upande jua linatoka, kesho naweka karatasi nyeupe. Nitaona madoa?

Yaya_Himbi: Utaona kaduara, madoa ni ngumu. Ukipata darubini elekeza jua, karatasi ikae nyuma yake, jicho kamwe usiweke. Na funga dirisha zote.