Binti anasoma usiku kucha, anaambiwa hajachambua

Kutoka: Shangazi, Reading, Uingereza
Kwa: Wanajumuiya wote
Jumapili, saa 4 usiku

Ndugu zangu, habari za wikiendi. Asanteni kwa msaada wa chumba na makoti ya baridi mwezi uliopita, tulipata. Leo nina jambo jingine.

Binti wa kaka yangu, aliyekuja Septemba kutoka Dar kuanza shahada ya kwanza, amerudishiwa insha yake ya kwanza. Amepata 48 kwa 100. Huyu ni mtoto wa divisheni wani, nyumbani hajawahi kutoka nje ya tatu bora. Alikaa jikoni kwangu akilia mpaka wali ukaungua na hakuna aliyesikia harufu. Pembeni mwa karatasi msahihishaji ameandika mara tatu neno lilelile: umeeleza, hujachambua. Na vitabu amesoma vyote, kila aya ameonyesha imetoka wapi.

Akaniuliza, "Shangazi, kuchambua ndiyo nini?" Mimi ni muuguzi, sikuwa na jibu la kumpa. Mliopitia huko nisaidieni. Tatizo ni Kiingereza? Kuna kijana mmoja anasema akilipwa atamwandikia insha ijayo ili aone mfano. Nimkubalie?

Kutoka: Kaka, Ubungo
Jumatatu, saa 1 asubuhi

Dada, shikamoo, na pole kwa wali.

Huyo kijana mkatalie leo hii. Kununua insha ni kosa linaloweza kumtoa mtoto chuoni, na akitolewa chuo viza ya uanafunzi nayo inakwenda. Huko England, sheria ya 2022 imeifanya hata biashara yenyewe ya kuwauzia wanafunzi insha kuwa kosa la jinai.

Halafu 48 si kufeli. Kwa shahada ya kwanza huko, 40 ni kufaulu na 70 ndiyo daraja la kwanza. Asiipime kwa maksi za kidato cha sita. Nami nilisoma uzamili mji mmoja wa kaskazini mwa Uingereza, nikaandikiwa maneno hayohayo, nikadhani napewa tusi la heshima. Sasa nafundisha hapa Dar, na yaliyompata mtoto wako nayaona kila Oktoba kwa wanangu wa mwaka wa kwanza.

Nikueleze lililotokea wiki iliyopita. Niliandika ubaoni sentensi moja: "Mabasi ya mwendokasi yamepunguza foleni Dar es Salaam." Nikauliza, ni kweli? Kimya. Feni zinazunguka, kalamu ziko juu ya daftari, watu sitini wanasubiri nitaje jibu waandike. Nikawaambia tutoke. Tukaenda kukaa kwenye vimbweta, vile viti vya zege chini ya miti wanapofanyia diskasheni. Nikasema, sahauni kwamba mimi ni mwalimu. Kuna jamaa kijiweni kwenu, kikombe cha kahawa mkononi, ndiye aliyesema hivyo.

Basi, wakalipuka. "Foleni ya wapi, Kimara au Mbagala?" "Kapimaje?" "Analinganisha na mwaka gani? Mabasi yameanza Mei 2016, sasa yeye anahesabu toka lini?" "Huyo anayesema ana gari lake, au na yeye husukumana kituoni?" Binti mmoja wa Mbezi, ambaye tangu muhula uanze sijawahi kusikia sauti yake, akasema: "Mwalimu, barabara ya Kimara kwenda Kibaha imepanuliwa ikawa njia nane. Foleni ikipungua kule, tutajuaje ni basi lililoipunguza na si lami?"

Dada, hicho ndicho msahihishaji anachokitafuta. Mwambie mtoto hajakosa akili hiyo, anayo tangu utotoni. Kijiweni Magomeni huwezi kutamka jambo ukaachwa hivihivi. Utaulizwa nani kasema, kaona au kasikia, na anafaidika nini. Kinachotokea ni kwamba tukivuka mlango wa darasa tunaiacha nje pamoja na ndala.

Na hatuiachi kwa hiari. Miaka yote tumefunzwa insha ni utangulizi, hoja sita na hitimisho. Hoja ziwe zilezile za mwongozo wa kusahihishia, na ukileta ya saba ya kwako huna uhakika kama itapewa alama. Mwanafunzi anayemuuliza mwalimu "umejuaje?" anaonekana hana adabu. Akifika chuo anakuta madesa, yaani notisi za waliomtangulia, yamechapwa tayari, anakariri, anafaulu, sapu, ule mtihani wa marudio, haimgusi. Atabadilika kwa sababu gani? Hili linaniuma, kwa sababu tunawapa vyeti vijana wenye akili kali kisha tunashangaa wakikaa kimya mbele ya wenzao.

Wala msikubali mtu awaambie kwamba kubishana kwa hoja ni kitu cha Wazungu. Hapa Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mwishoni mwa miaka ya 1960, wanafunzi walikuwa wakikutana Jumapili kusoma na kuchambua pamoja. Walter Rodney, mwanahistoria kutoka Guyana, alikuwa akifundisha hapa. Mwaka 1969 wanafunzi hao walianzisha jarida lao, Cheche, na mwaka uliofuata likapigwa marufuku. Jarida la kukariri lisingemsumbua mtu.

Sasa la kufanya. Usiku huu, kabla hajagusa kompyuta, akueleze kwa Kiswahili makala aliyoisoma inadai nini. Ajirekodi kwenye simu akitaka. Wewe kazi yako ni kuuliza maswali ya kijiweni: nani kasema, kajuaje, mbona mwingine kasema tofauti? Huhitaji kujua somo lake. Wewe kuwa mbishi tu. Atakapokwama, hapo ndipo pa kuandikia.

Kisha aichukue ile insha ya 48 na kalamu mbili. Kila sentensi inayosema walichosema wengine aipigie mstari wa kijani. Anayosema yeye, kwamba huyu ana ushahidi dhaifu, kwamba hawa wawili wanagongana na sababu ni hii, aipigie mwekundu. Nina hakika ataona ukurasa mzima wa kijani. Asikifute, ana haki ya kuwataja waliotangulia. Ila baada ya kila kijani ajiulize, "kwa hiyo?", na aandike jibu.

Kuhusu ubunifu, maana vyuo hutaka uchambuzi na ubunifu kwa pamoja: watu hudhani ni kipaji cha kushushiwa. Kuna fundi redio Kariakoo ambaye huwa nakaa kwenye benchi lake nikisubiri. Redio ikiwa bubu, habadilishi vitu viwili kwa mpigo. Anabadilisha kimoja, anawasha, anasikiliza, ndipo aende kingine, maana akibadilisha viwili redio ikalia hatajua kipi kilichoiponya. Na spea akikosa, anakwenda kwenye lile boksi la redio zilizokufa, anachomoa kitu kilichotengenezewa kazi nyingine, anakijaribu pale. Ubunifu wa chuoni ndio huohuo wa kwenye boksi. Mtoto achukue wazo alilosoma kwenye somo moja alipeleke kwenye swali la somo jingine, aone kama italia.

La mwisho, aende kwa msahihishaji saa za kuonana na wanafunzi, na aya moja tu, si insha nzima, aombe waichambue pamoja. Huko si kumsumbua, ni sehemu ya kazi yake. Na kama anafanya vibarua vya saa zile 20 kwa wiki zinazoruhusiwa muhula ukiendelea, mpunguzie. Kuchambua kunataka usingizi.

Kutoka: Mdogo wenu, Coventry
Jumatatu, saa 3 usiku

Shikamooni wakubwa. Nakubaliana na kaka, ila kwenye lugha naona amepita haraka. Mimi niko mwaka wa tatu. Msingi nimesoma miaka 7 kwa Kiswahili, sekondari karibu kila somo likageuka Kiingereza, na hadi leo kwenye semina nikimaliza kupanga sentensi kichwani mjadala umeshahama. Wanaona sina mawazo. Ninayo, yamechelewa basi.

Kilichonisaidia ni kuingia na swali moja nimeliandika kwenye karatasi, na kulisema ndani ya dakika tano za mwanzo, kabla mjadala haujachanganya. Ukishasikika mara moja, woga unapungua. Mwaka wa kwanza nilitumia programu ya akili mnemba (AI) ininyooshee Kiingereza changu. Ikanyoosha kweli, ikaniongezea na kitabu ambacho hakipo duniani. Mhadhiri aliniita akaniuliza nimekisoma wapi. Sitaki binti apate siku kama ile. Asome mwenyewe, akosee sarufi, aulizwe, ajibu.

Kutoka: Kaka, Ubungo
Jumanne, saa 12 asubuhi

Mdogo wangu, umenirekebisha na nakushukuru. Nimekaa nyumbani muda mrefu, nimesahau ule uzito wa ulimi. Hilo la swali moja dakika tano za mwanzo naanza nalo kesho kwa wanafunzi wangu, na nitawaruhusu waliseme kwa Kiswahili kwanza.

Kutoka: Shangazi, Reading
Alhamisi, saa 5 usiku

Marahaba, na asanteni wote. Yule kijana nimemwambia hapana.

Tulikaa jana baada ya zamu yangu. Mistari ya kijani ilijaa kurasa zote, nyekundu zilikuwa mbili, na zote kwenye hitimisho. Akanuna kidogo. Leo akanieleza kwa Kiswahili makala ya somo la wiki hii, inahusu mabomba ya maji vijijini. Nikamwuliza, kajuaje? Akajibu. Nikamwuliza tena, nani kafaidika? Akasema "kaya". Kisha akanyamaza, akafungua tena ile makala, akasoma amesimama. Akaniambia: "Shangazi, anasema kaya zimefaidika. Lakini kaya haichoti maji. Anachota mtu, na humu hajasema ni nani."

Sijui kama hiyo ndiyo yenyewe mnayoisema. Mimi nakwenda kulala, nina zamu asubuhi. Yeye ameniomba nimwachie taa ya jikoni.