Viziwi hawatibiwi hospitali, wanatibiwa wasindikizaji wao

Wakuu, nina hasira na sitaificha.

Dada yangu ni kiziwi, ana ujauzito wa miezi saba. Juzi kaenda kliniki kwenye hospitali moja kubwa ya serikali hapa Dar, kasindikizwa na wifi yake maana mimi nilikuwa zamu. Pale wanaita majina kwa mdomo, tena nesi kavaa barakoa, kwa hiyo hata midomo ya kusoma hakuna. Jina likaitwa, likapita. Wifi aliporudi kutoka chooni akakuta wanafoka: "Huyu bubu kaja na nani?"

Ndani ndiyo kabisa. Dada kamaliza kidato cha nne, Kiswahili anaandika vizuri kuliko mimi, na daftari lake analo mkononi siku zote. Kaandika: miguu imevimba, kichwa kinauma sana, je, ni kawaida? Nesi hakulisoma. Kalisukuma pembeni, akamgeukia wifi: "Mwambie apunguze chumvi." Jamani, hizo ni dalili za hatari kwa mjamzito! Kifafa cha mimba kinaua. Presha yake ilisoma ngapi? Mpaka leo hajaambiwa.

Halafu majibu ya VVU akapewa wifi. Wifi! Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inataka majibu yawe siri ya aliyepimwa. Asije mtu kuniambia "si yalikuwa mazuri?" Yangekuwa mabaya, ukoo mzima wa mume ungejua kabla yake.

Na kisingizio kwamba hakuna bajeti ya mkalimani wa lugha ya alama sikitaki. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 na kuendelea ahakikishe angalau asilimia 3 ni watu wenye ulemavu. Hospitali ile ina mamia ya wafanyakazi, lakini mwenye ulemavu ninayemwona pale kila nikienda ni kijana anayeuza vocha getini. Viziwi waliosoma wapo, wanazunguka na bahasha za vyeti. Waajiriwe hata wawili, mmoja mapokezi, mmoja maabara, uone kama manesi hawatajua lugha ya alama ndani ya mwaka.

Anayejua hospitali au kituo cha afya hapa Dar chenye mkalimani wa lugha ya alama, aandike hapa chini kiko wapi na siku gani anapatikana. Dada hawezi kusubiri hadi tarehe iliyoandikwa kwenye kadi na kichwa bado kinauma.