Mrejesho: Namba ya kibati cha Spitfire

Niliuliza kama namba iliyogongwa kwenye kibati cha Spitfire, ndege ya kivita ya Uingereza ya Vita vya Pili vya Dunia, ikitanguliwa na herufi CBAF, ndiyo namba ya kijeshi ya ndege hiyo. Nawashukuru mlionielekeza, kwani nimethibitisha kwamba CBAF ni kiwanda cha ndege cha Castle Bromwich, Uingereza, na kwamba namba hiyo ni ya kiwandani tu, ilhali ya kijeshi, mfano MK356, ilipakwa rangi ubavuni karibu na mkia. Namba ya kijeshi ndiyo iliyonifikisha kwenye kadi ya Fomu 78, inayoonyesha ndege ilikabidhiwa vikosi gani, kisha kwenye kumbukumbu za vikosi, fungu AIR 27, katika Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Uingereza huko Kew, London. Humo hutajwa rubani na saa ya kuruka, na hilo limenigusa kuliko namba zote.