Boma la zahanati ya mtaa wetu limeachwa nje ya bajeti mara 2, tuanzie wapi?

BintiMlimani

Habari za jioni wakuu. Naomba ushauri kwa wenye uzoefu wa mambo ya halmashauri.

Mimi ni mjumbe wa kamati ya mtaa, tulichaguliwa Novemba 2024. Mtaa wetu uko pembezoni mwa manispaa moja ya Kanda ya Ziwa, naomba nisiitaje. Mwaka 2021 wananchi waliamua mkutanoni kujenga zahanati, maana iliyo karibu iko kata ya jirani na mvua ikinyesha korongo halipitiki. Kila kaya ilitoa elfu 20. Asiyekuwa nayo alisomba mawe au kuteka maji. Tukaambiwa na ofisi: fikisheni lenta, yaani ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha, kupaua na kumalizia ni kazi ya halmashauri. Tulifikisha lenta. Leo magugu yameota ndani ya vyumba na tofali za juu zimeanza kumomonyoka.

Bajeti ya mwaka jana hatukuwemo, na ya sasa imepitishwa hatumo. Tunasikia fedha za mapato ya ndani zimeelekezwa kwenye uzio wa jengo la utawala. Mwezi wa tatu mdogo wangu alijifungulia kwenye bajaji, katikati ya matope. Mama na mtoto ni wazima, namshukuru Mungu. Lakini daftari la michango nilishika mimi, nilipita nyumba kwa nyumba, na sasa kinamama wananiuliza fedha yao iko wapi. Diwani wetu ni mpya, wa uchaguzi wa 2025, kila nikimpigia anasema analifuatilia. Nifanyeje?

Mtendaji Mstaafu

Pole sana binti yangu. Nimefanya kazi ofisi za kata miaka 19, naijua hiyo njia.

Swali la kwanza: muhtasari wa mkutano wa 2021 upo? Wenye mahudhurio na saini? Na ulifika Kamati ya Maendeleo ya Kata? Nakuuliza hivyo kwa sababu nimeona maboma mengi yaliyozaliwa kwenye mkutano wa hadhara na hayakuandikwa popote. Afisa mipango anapokaa kuandaa bajeti anatazama mihtasari ya kata. Boma halimo, basi kwake halipo.

La pili ni kalenda. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, lakini baraza hupitisha bajeti mapema mwaka, kwa kawaida Januari au Februari. Kabla ya hapo idara zimeshaingiza mipango yao kwenye PlanRep, mfumo wa kompyuta wa kupanga bajeti. Kisha inakwenda mkoani, TAMISEMI (wizara inayosimamia halmashauri), hadi Bungeni. Watu wengi huja kulalamika Aprili, wakati mlango umefungwa. Kwa mwaka ujao, muhtasari mpya uwe umefika kata kabla ya Oktoba kuisha, na wewe mwenyewe ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.

Fundi Mkono

Mlijenga kwa ramani ipi, dada? Serikali ina ramani yake ya zahanati. Kama fundi wenu alichora ya kwake, mhandisi wa manispaa hawezi kuombea fedha jengo ambalo hakulikagua. Na lenta iliyopigwa jua na mvua muda wote huo lazima ipimwe kabla ya kupaua. Muiteni kwa barua, aandike hali ya jengo na makadirio ya kumalizia. Kiasi cha fedha kikijulikana, diwani ana kitu cha kuomba.

Mwananzengo

Hizo barua zitawachosha. Iteni waandishi wa habari, kinamama wakae na ndoo mbele ya boma. Mkurugenzi atakuja siku ya pili.

Mama Watatu

Mwananzengo, nakuelewa hasira yako, lakini hapo sikubaliani nawe. Nilikuwa diwani wa viti maalumu kipindi kimoja. Ukimwaibisha mkurugenzi atakuja kweli, atapiga picha, ataahidi. Ahadi haina kifungu kwenye bajeti.

Binti, sikiliza. Bajeti ikishapita bado kuna mlango mdogo. Katikati ya mwaka halmashauri hufanya mapitio, na mradi uliokwama unaweza kuachia fedha zikahamishiwa kwingine kwa idhini. Hoja hiyo huanzia Kamati ya Fedha, na anayeibeba ni diwani wenu. Msimpigie tu simu. Mpelekeeni jalada lenye muhtasari, makadirio ya mhandisi, picha na orodha ya michango. Diwani mgeni akisimama mikono mitupu mbele ya wakuu wa idara anazidiwa, nimeyaona hayo na yalinipata mimi pia.

Kabla ya hapo nendeni kwa Mganga Mkuu wa manispaa. Zahanati ni watumishi na dawa pia, na yeye ndiye atakayeulizwa atawatoa wapi. Asipoiweka kwenye mipango ya idara yake, diwani ataongea peke yake. Kuna pia Mfuko wa Jimbo, uliowekwa na sheria ya mwaka 2009, mbunge ndiye mwenyekiti wa kamati yake. Miradi iliyoanzwa kwa nguvu za wananchi ndiyo hasa inayolengwa. Fedha yake si nyingi, ila mabati yanaweza kupatikana. Na siku ya kikao cha baraza njooni mkae viti vya wananchi. Ni haki yenu.

Wakili Kijana

Nyongeza mbili. Kuhusu huo uzio, msitegemee kusikia. Sheria ya Upatikanaji wa Taarifa ya 2016 inawaruhusu kuomba kwa maandishi mchanganuo wa matumizi ya mapato ya ndani, na ofisi ina siku 30 kujibu. Ombeni kwa lugha ya heshima, msiweke tuhuma ndani ya barua.

La pili ndilo linanitia wasiwasi, na hakuna aliyeligusa. Kiwanja ni cha nani?

BintiMlimani

Nawashukuru sana wote, nimesoma kila neno. Muhtasari wa 2021 upo kwa mwenyekiti wa zamani, mahudhurio hayaonekani. Ramani alichora fundi wetu, mhandisi hajawahi kukanyaga. Mganga Mkuu sikuwahi hata kumfikiria.

Kiwanja tulipewa na mzee mmoja, alisimama mkutanoni akatamka mbele ya watu. Alifariki mwaka jana. Hakuandika.

Wakili Kijana

Basi anzieni hapo, kabla ya barua yoyote. Halmashauri haiwezi kuweka fedha ya umma kwenye ardhi ambayo kesho warithi wanaweza kuidai. Nendeni kwa familia na wazee wa mtaa, si ninyi viongozi peke yenu. Wakikubali, waandike hati ya kutoa eneo, msimamizi wa mirathi asaini pamoja na warithi na mashahidi. Hati hiyo mpeleke mipango miji ili eneo liingie kwenye mchoro kwa matumizi ya huduma za afya, kisha lipimwe.

Mtendaji Mstaafu

Wakili amenena. Na mnapokwenda, msiende na karatasi mkononi siku ya kwanza. Nendeni kuhani, hata kama msiba ulishapita. Karatasi ifuate siku nyingine.

BintiMlimani

Wakuu, nimerudi. Jumapili tulikwenda wazee watatu, mwenyekiti na mimi. Kijana mkubwa wa marehemu, ndiye msimamizi wa mirathi, alitupokea vizuri. Anasema baba yake aliwausia wasirudishe neno lake, na wadogo zake wameridhia. Ana ombi moja: kaburi la mzee liko ndani ya eneo lilelile, nyuma ya boma, na hataki lihamishwe wala kujengewa uzio wa zahanati. Hilo linawezekana, au litatuharibia mchoro?

Wakili Kijana

Linawezekana. Mpimaji anaweza kuliacha kaburi nje ya mipaka, pamoja na njia ya familia kulifikia. Liandikwe kwenye hati kabla hawajasaini, na yule kijana awepo siku ya kupima awaonyeshe mwenyewe mpaka unapopita.

BintiMlimani

Nampigia sasa hivi.