Latitudo ya adhuhuri inawatoka wanafunzi na makosa, nianzie wapi?

Mkufunzi_Sitaha: Wakuu, nina wanafunzi 12 na sekstanti 3 (vifaa vya kupimia pembe ya jua juu ya upeo wa macho). Lengo ni wajue chombo kilipo hata GPS ikizimika au mawimbi yake yakivurugwa. Kimo cha jua la adhuhuri wanapima, lakini latitudo inakosewa: wengine dakika 5 hadi 6 (za pembe, 60 kwa digrii), wengine kama 31. Wanapimia mita 10 juu ya maji. Nirudie somo zima?

Demani: Usirudie, mkuu, tarakimu hizo zinajieleza. Jicho likiwa mita 10 juu, upeo wa macho hushuka dakika 5.6 (1.76 mara kipeuo cha pili cha urefu). Kundi la kwanza halijazitoa. Kundi la pili limepima ukingo wa chini wa jua, kisha likatoa sahihisho la almanaka (kitabu cha majedwali ya jua na nyota) badala ya kuliongeza. Jua likiwa juu, sahihisho hilo ni kama dakika 15 na nusu. Kosa linakuwa maradufu. Na dakika 1 ya latitudo ni maili 1 ya baharini, kwa hiyo maili 31 zinatosha kukupandisha mwambani.

Tezi: Kagua na sekstanti zenyewe. Weka sifuri, tazama upeo. Ukikatika kama ngazi, zungusha gurudumu la dakika mpaka unyooke, usome. Kosa likiwa ndani ya mizani (juu ya sifuri) litoe, likiwa nje (chini ya sifuri) liongeze. Lipimwe kila mara kabla ya kazi, maana kugongwa kidogo tu hulibadilisha. Vioo vyeusi vishushwe kabla jicho halijafika kwenye darubini. Hapo usimvumilie mtu, jua linapofua macho.

Mkufunzi_Sitaha: Asanteni sana. Mbona wawili wakipima pamoja, vimo havilingani?

Demani: Hawaiyumbishi sekstanti. Sekstanti ikiinama kidogo, kimo husomeka kikubwa kuliko kilivyo. Waiyumbishe kushoto na kulia, jua lichore upinde, na sehemu ya chini kabisa ya upinde ndiyo iguse upeo. Waanze dakika 10 kabla ya adhuhuri, wachukue kimo kikubwa kuliko vyote.

Omo: Mkimaliza hapo mwende kwenye longitudo, na huko saa ndiyo kila kitu: sekunde 4 ni dakika 1 ya longitudo. Mpimaji aseme "sasa!", mwandishi aandike sekunde kwanza, kisha dakika, kisha saa, pembe mwisho. Wanaoanza na saa hupoteza sekunde wakiwa bado wanaandika.