Naombeni ushauri: hita ya dizeli kwenye Hiace ya kulala, baridi ya Makete inatumaliza

Belo la Uyole

Wakuu, habari za jioni. Mimi ni mtu wa mitumba, makazi Uyole, kazi yangu ni magulio. Kila wiki napandisha Isyonje, Kikondo, naingia Makete, nazunguka siku nne tano, halafu narudi kwa kushukia Matamba na zile kona hamsini na saba mpaka Chimala. Zamani nilikuwa nalala gesti. Mwaka huu nimeamua kulala garini: Hiace ya dizeli, injini 5L, nimetoa viti vyote vya nyuma, seremala kanipigia kitanda cha mbao, na chini ya kitanda ndiyo stoo ya mabelo.

Shida ni baridi. Mwezi wa sita nililala Kitulo, asubuhi majani yote meupe kwa sakitu, na ndani ya gari bati linatona maji kama tumenyeshewa. Mtu anauza makoti, kalalia makoti, kajifunika makoti, na bado meno yanagongana. Mke wangu alikuja safari moja tu, akasema nyingine niende na belo langu.

Sasa nimeziona hizi hita za dizeli za Kichina. Muuzaji wa Kariakoo ana ya kilowati 2 na ya kilowati 5, bei zimepishana kidogo sana, na yeye ananisukumia ya 5, eti nisije nikajuta. Hapa Mbeya kuna mtu ana hita ya Kijerumani iliyong'olewa kwenye kichwa cha Scania, anaitoa kwa bei ya kutupa. Nichukue ipi? Usiku mmoja inakula mafuta kiasi gani? Asubuhi betri itakuwa na nguvu ya kupiga stata? Na swali la mke wangu: hatutakufa usingizini?

Ulanzi Orijino

Mkuu, hita ya lita tano inapatikana huku Iringa, inakuja kwenye dumu, haitaki betri wala fundi.

Njombe Kwetu

Kamwene. Kaka unajitafutia gharama. Mimi nasubiri mkaa ushike vizuri, moshi uishe, naingiza jiko garini, nashusha kioo vidole viwili, nalala. Miaka yote hiyo mbona nipo.

Nesi wa Zamu

Njombe Kwetu, nakuomba sana uache hiyo tabia leo. Moshi kuisha hakumaanishi sumu imeisha. Mkaa uliokolea ndio unaotoa kaboni monoksaidi kwa wingi, na hiyo haina rangi wala harufu. Inashikana na damu mara zaidi ya mia mbili kuliko oksijeni inavyoshikana nayo. Mtu anaanza na kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, anadhani ni malaria au uchovu wa safari. Akiwa amelala hata hivyo vyote havihisi. Kila msimu wa baridi tunaletewa watu, na wengine wanaletwa wameshachelewa. Kioo vidole viwili siyo kipimo cha kitu chochote.

Na wewe wa ulanzi: pombe inakupa hisia ya joto tu, huku mwili unapoteza joto kupitia ngozi. Halafu ukishalewa, hata kengele ikilia husikii.

Kichwa cha Tunduma

Belo, hiyo ya Scania achana nayo. Najua kwa sababu ninayo kwenye gari langu, imekuja nayo kutoka Ulaya, Webasto. Ni nzuri mno, foleni ya Tunduma nalala kama mtoto wakati wenzangu wanaacha injini inanguruma usiku kucha wanachoma mafuta. Lakini malori ni volti 24. Hiace yako ni volti 12. Utaipeleka nyumbani, utaiunga, na haitawaka ng'o, na aliyekuuzia atakwambia ilikuwa nzima. Zipo pia za volti 12, ila soma kibao chake kwanza, usisome uso wa muuzaji.

Ila kwenye ukubwa mimi naona uchukue 5. Kule juu kila kitu kinapungua nguvu, hata turbo inalalamika.

Fundi Waya Mafinga

Nimechelewa, nilikuwa chini ya gari. Hizi hita nimeshazifunga kadhaa, zaidi kwenye magari ya wazungu wanaoshuka na barabara kuu kuelekea kusini, wengine wanakwama hapa kwa hita hizi hizi.

Elewa kwanza inavyofanya kazi, mengine yatajipanga. Ndani kuna chumba cha moto kilichofungwa. Pampu ndogo inadondosha dizeli tone kwa tone, plagi inaiwasha, feni inavuta hewa ya kuchomea kutoka nje ya gari, na moshi unatoka nje kwa bomba lake. Hewa unayoota wewe ni nyingine kabisa: inapita juu ya mapezi ya kile chumba, inabeba joto, inarudi ndani. Hizi hewa mbili hazikutani, ndiyo tofauti yake na mkaa. Siku zikikutana, kwa ufa au gasketi iliyoachia, ujue una jiko la mkaa lenye feni. Kwa hiyo shemeji ameuliza swali sahihi kuliko yako yote. Nunua kengele ya kaboni monoksaidi, iweke karibu na kichwa mnapolalia, ibonyeze kuijaribu kila safari. Bila kengele mimi sifungi, mteja akikataa aende kwa fundi mwingine.

Bomba la ekzosi lisiishie chini ya sakafu. Litoke mpaka ubavuni mwa gari, liinamie chini kidogo ili maji yasilale ndani, likae mbali na tairi, mipira ya breki na bomba la mafuta. Ile sailensa wanayoiweka kwenye boksi mara nyingi inavuja kwenye maungio, hivyo ikae nje, kamwe isiwe ndani. Na ukipaki, angalia upepo. Usiweke upande wa ekzosi kwenye ukuta au kwenye nyasi ndefu.

Mafuta: ya kilowati 2 ikiwa imetulia inakula kama desilita moja kwa saa, ikikaza ni robo lita. Usiku mzima weka lita moja hadi mbili. Umeme: kinachouma ni kuwasha, ampia 8 hadi 10 kwa dakika chache plagi inapopasha. Ikishawaka inashuka kwenye ampia moja, moja na nusu. Hiyo haiui betri nzima. Inayokuangusha ni nyaya. Watu wanarefusha waya kwa kipande chembamba walichookota, volti zinaanguka wakati wa kuwasha, hita inakataa, wanasema ni mbovu. Vuta waya mnene moja kwa moja kutoka betri, fyuzi iwe jirani na betri. Ukiweza weka betri ya pili ya kulalia, ile ya stata usiiguse.

Sasa Kitulo. Uwanda ule uko kama mita 2,600. Hewa ya kule ni kama robo tatu ya ile ya Dar. Hita iliyopangwa kwa ajili ya Kariakoo inamwaga dizeli ya Kariakoo kwenye hewa ya Kitulo: mafuta yanazidi, moshi mweusi, masizi yanajaa chumbani, na baada ya wiki chache inagoma kuwaka. Ndiyo maana kabla ya kuuliza kilowati muulize huyo muuzaji kama ina mpangilio wa miinuko, au kama kidhibiti chake kinaruhusu kupunguza mapigo ya pampu. Kama hana jibu, tafuta muuzaji mwingine.

Kichwa cha Tunduma, nakuheshimu kaka ila hapo sikubaliani. Ni kweli ya 2 ikipunguziwa mafuta kule juu itabaki kama kilowati moja na nusu. Kwa Hiace iliyofunikwa vizuri ndani inatosha. Ya 5 itapasha dakika kumi, halafu usiku kucha inajikokota kwenye kiwango cha chini, na hita ikijikokota ndipo inapotengeneza masizi. Kila baada ya muda iache iunguze kwa nguvu zote nusu saa hivi. Wengine wanaichomea mafuta ya taa mara moja moja kuisafisha, inasaidia.

Kichwa cha Tunduma

Nimekupata fundi. Kwenye lori langu kabini ndogo na imejaa sponji, kumbe ndiyo maana sijawahi kuikaza.

Mama Viazi

Kaka Belo, mimi nalala kwenye Canter msimu wote wa viazi na sina hita. Bati tupu halina rafiki, hata uweke hita mbili joto lote linaondoka. Anza na zile karatasi za foili zenye sponji wanazoweka chini ya mabati ya nyumba, bandika pande zote na juu, kisha kata vipande vya kuziba vioo. Chini ya godoro weka mbao zenye nafasi, la sivyo litaota ukungu. Chupa ya maji ya moto miguuni. Hayo maji yanayotona ni pumzi zenu, msizibe kila tundu.

Belo la Uyole

Wakuu mmenifungua macho, Mama Viazi shukrani sana dada yangu. Fundi, naifunga wapi? Chini ya kiti cha dereva nilipoona kwenye video haiwezekani, Hiace injini iko hapo hapo. Nimewaza iwe chini ya kitanda, pamoja na mabelo.

Fundi Waya Mafinga

Pamoja na mabelo HAPANA. Hewa ikitoka kwenye mdomo wa hita ni ya moto kweli, na nguo ikiziba mdomo au nyuma inapovuta, joto linakosa pa kwenda. Iweke nyuma tu ya kiti cha abiria, itengenezee sanduku la bati lenye matundu, mdomo uelekee mlangoni. Kabla ya kutoboa sakafu lala chini uangalie, nimeshaona mtu katoboa tangi. Pampu ifunge kwenye raba, isimame mshazari, upande wa kutolea ukiwa juu.

Na usiizime kwa kuchomoa waya. Ukibonyeza kuzima, feni inaendelea dakika kadhaa kupoza chumba. Iache imalize yenyewe.

Belo la Uyole

Mrejesho baada ya wiki tano. Nilinunua ya 2 yenye mpangilio wa miinuko, kwa muuzaji tofauti na yule wa kwanza. Foili niliibandika kabla hata hita haijafika, na usiku wa kwanza na foili peke yake nikaona tofauti, Mama Viazi heshima yako.

Safari ya kwanza na hita, hapa Uyole iliwaka safi. Kitulo ikatoa moshi mweusi kama basi bovu, kwa sababu mimi mwenyewe nilisahau kuwasha huo mpangilio. Nikazima nikasubiri feni, nikapunguza pampu, nikawasha upya. Moshi ukapotea. Lita tano za kwenye tangi dogo zimenipitisha usiku wa tatu, na gari liliwaka kila asubuhi.

Mke wangu amekuja safari ya pili. Kengele ameitundika mwenyewe upande wake na kila jioni anaibonyeza ilie kabla hajavua viatu. Analalamikia pampu tu, tiki, tiki, tiki, nitaiongezea raba. Wiki ijayo tupo Matamba. Makoti yapo, tena hayana mikunjo, maana sasa siyalalii.