Naomba ushauri: prosija za zamani zinazomeza makosa ya hifadhidata

MtunzaLeja (Nairobi)

Wanajukwaa, salaam. Ninatunza mfumo wa mikopo wa sacco moja hapa jijini. Mantiki yake karibu yote imo ndani ya prosija (programu ndogo zinazohifadhiwa ndani ya hifadhidata) zilizoandikwa enzi za SQL Server 2000, hifadhidata ya Microsoft, kabla TRY na CATCH, amri za kunasa makosa, hazijaletwa na toleo la 2005. Seva yenyewe sasa ni ya toleo la 2016, lakini prosija zilihamishwa jinsi zilivyokuwa na hakuna aliyezigusa.

Kila mwisho wa mwezi, marejesho yanapomiminika kupitia M-Pesa, mhasibu hukuta mikopo kadhaa ambayo salio lake limepungua kuliko leja inavyoonyesha, ilhali programu haikutoa onyo lolote, kwa kuwa inatazama tu namba inayorudishwa na RETURN. Mwanachama anapokuja kuulizia deni lake, inatubidi tumweleze tofauti ambayo sisi wenyewe hatuijui chanzo. Kiini cha prosija ni hiki:

```
BEGIN TRAN
UPDATE Mikopo SET Salio = Salio - @Kiasi
 WHERE MkopoId = @MkopoId
SELECT @Idadi = @@ROWCOUNT
IF @@ERROR <> 0 GOTO Kosa
INSERT INTO Leja (MkopoId, Kiasi, Risiti)
 VALUES (@MkopoId, @Kiasi, @Risiti)
SELECT @Idadi = @Idadi + @@ROWCOUNT
IF @@ERROR <> 0 GOTO Kosa
COMMIT TRAN
RETURN 0
Kosa:
ROLLBACK TRAN
RETURN -1
```

Je, niandike upya prosija zote kwa TRY na CATCH, au kuna njia ya kuanza kidogo kidogo bila kuvuruga kazi ya kila siku?

FundiHoji

Ndugu MtunzaLeja, tatizo liko kwenye mistari miwili ya SELECT. Thamani ya @@ERROR, yaani namba ya kosa la amri iliyopita, hubadilika baada ya kila amri, kwa hiyo INSERT ikishindwa, SELECT inayofuata hufaulu na kuirudisha kuwa sifuri kabla IF haijaisoma. Lebo ya Kosa haifikiwi hata mara moja, COMMIT, inayothibitisha mabadiliko, inapita, na UPDATE iliyotangulia inabaki kana kwamba mambo yote yamekwenda sawa. Dawa ya haraka ni kuzisoma thamani zote mbili, ya kosa na ya idadi ya mistari iliyoguswa, kwa amri moja:

```
SELECT @Kosa = @@ERROR, @Idadi = @@ROWCOUNT
```

Kisha kagua @Kosa, na ukague @Idadi pia, kwa sababu UPDATE isiyokuta mkopo wowote haihesabiwi kuwa kosa.

Naomba uchunguze jambo moja zaidi. Je, safu ya Risiti ina kizuizi cha upekee, kinachokataa thamani iliyojirudia? Kama kipo na taarifa ya malipo yaleyale imefika mara mbili, INSERT ya pili itakataliwa kwa kosa namba 2627 huku salio likikatwa tena. Hapo leja yako ndiyo iliyo sahihi, na salio ndilo lililoharibika.

Mwandani wa Seva

Nakubaliana na FundiHoji, ila kwa prosija nyingi namna hiyo mimi ningeanza kwa kuweka SET XACT_ABORT ON mwanzoni mwa kila moja. Ikiwa imezimwa, kosa la kizuizi hutengua amri moja tu na kazi huendelea. Ikiwashwa, muamala mzima, yaani amri zote tangu BEGIN TRAN, hutenguliwa. Tena inakukinga mahali ambapo TRY na CATCH haziwezi kufika, yaani programu inapochoka kusubiri na kukatisha ombi. Usipoiwasha, muamala ulioachwa hivyo unaweza kubaki wazi huku umeshikilia kufuli zake, na wengine wote wakapanga foleni nyuma yake.

Msomakodi

Ushauri wa XACT_ABORT ni mzuri, lakini usiiwashe kila mahali usiku mmoja. Ikiwashwa nje ya TRY, kosa hukatisha kazi papo hapo, kwa hiyo mistari ya IF @@ERROR na ile RETURN -1 haitafikiwa kamwe, na programu inayosubiri -1 itapokea kosa ghafi ambalo pengine haikuandikwa kulipokea. Angalia kwanza upande wa programu.

Weka pia SET NOCOUNT ON, inayozima taarifa za idadi ya mistari. Kwa programu za zamani zinazotumia ADO (maktaba ya Microsoft ya kuunganisha programu na hifadhidata), taarifa za idadi ya mistari hutangulia kurudi kama matokeo, na kosa linalokuja nyuma yake halionekani mpaka programu isome matokeo yanayofuata. Huenda makosa yako yamekuwa yakitumwa muda wote huu bila msomaji.

MtunzaLeja

Nawashukuru sana. Nimekagua, na ni kweli Risiti ina kizuizi cha upekee, na mikopo yote niliyoipima hadi sasa ina risiti iliyotumwa zaidi ya mara moja. Nimesahihisha SELECT katika prosija hii. Swali lililobaki ni la kumbukumbu: nikiingiza kosa kwenye jedwali la makosa, mstari huo hupotea. Pia prosija hii huitwa na ile ya kufunga siku, ambayo ina muamala wake.

FundiHoji

Mstari unapotea kwa sababu unauandika kabla ya ROLLBACK, nayo inaufuta pamoja na mengine. Tengua kwanza, ndipo uandike:

```
BEGIN CATCH
 IF XACT_STATE() <> 0 ROLLBACK TRAN;
 INSERT INTO Makosa (Namba, Ujumbe)
  VALUES (ERROR_NUMBER(), ERROR_MESSAGE());
 THROW;
END CATCH
```

THROW, inayomrushia mwitaji kosa lilelile, ilikuja na toleo la 2012, kwa hiyo kwako inafanya kazi. Usiiondoe, maana CATCH inayoandika kumbukumbu kisha ikanyamaza itakurudisha palepale ulipokuwa.

Kuhusu kufunga siku, ROLLBACK ya ndani hutengua hadi muamala wa nje na kuiacha @@TRANCOUNT (hesabu ya miamala iliyo wazi) ikiwa sifuri, na ndiyo maana katika mifumo ya aina hii kosa namba 266, la hesabu hiyo kutolingana kabla na baada ya prosija, huonekana mara kwa mara. Ningemwachia mwitaji wa nje peke yake jukumu la kufungua na kutengua, na prosija ya ndani ifungue muamala pale tu inapokuta @@TRANCOUNT ni sifuri. Risiti iliyojirudia nayo ipe namba yake ya kurudisha, tofauti na -1, kwa kuwa malipo yalikwisha kupokewa na mwanachama hana kosa.

Kabla ya kuipeleka kwenye seva ya kazi, tuma risiti moja mara mbili katika nakala ya majaribio, usome salio na leja, kisha uulize @@TRANCOUNT kwenye muunganisho uleule. Ikirudisha chochote zaidi ya sifuri, bado kuna njia ya kutoka ambayo hujaifunga.